Wakuu mlioko Marekani: mashine nafuu ya kujazia risasi nyumbani, nianze na ipi?

#1 MndengerekoTX

Wakuu salaam. Niko Texas mwaka wa tisa huu, karatasi zangu ziko sawa na bastola ninayo kihalali. Tangu mwaka jana nimenogewa na mashindano ya shabaha, yale ya kukimbia huku unapiga mabati na saa inahesabu. Kwa wiki namaliza risasi 200 hadi 300 za 9mm, na mfuko umeanza kulia.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, anajaza risasi zake mwenyewe gerejini. Anaokota maganda uwanjani, anang'oa fataki iliyotumika (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), anaweka mpya, anatia baruti, anapachika kichwa, Jumamosi anarudi nazo. Ila mashine yake ni ya tundu moja: ganda lile lile analishika mara nne au tano ndipo liwe risasi. Jioni nzima anatoa boksi mbili. Mimi kazi yangu ya zamu hainipi huo muda, nataka progresivu, ile ambayo ikishajaa kila ukivuta mkono inadondoka risasi moja iliyokamilika.

Bajeti dola 400, nikijikamua 500. Nimeangalia Lee Pro 1000, Lee Six Pack Pro, Hornady Lock-N-Load AP na Dillon 550C. Hiyo ya mwisho imenizidi kimo lakini kila ninayemuuliza anaitaja. Mwenye uzoefu anisaidie. Na je, kweli nitaokoa hela?

#2 KahawaChungu

Nakaa pembeni hapa na kashata zangu. Uzi wa aina yake.

#3 TandaleMoja

Mkuu wenzako wanarudi kugombea udiwani na fulana na kofia, wewe unarudi na kiwanda?

#4 FundiChuma_AZ

Karibu chamani mkuu. Mimi nimejaza miaka kumi na kitu, bastola na raifo. Kwanza tofautisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: idadi ya vituo, na nani anayezungusha sahani inayobeba maganda.

Vituo ni yale matundu ya juu unakofunga dai, vile vyuma vinavyolishughulikia ganda hatua kwa hatua. Pro 1000 ina vitatu. 550 ina vinne. Hornady AP ina vitano. Six Pack ina sita kama jina lake. Kwa 9mm unahitaji kurudisha ganda kipimo, kutia baruti na kupanua mdomo, kupachika kichwa, kubana mdomo. Vitatu vinatosha ukipachika na kubana kwa dai moja. Kituo cha ziada unakitaka kwa ajili ya dai ya kukagua baruti, ile inayokupigia kelele ganda likiwa tupu au likijaa mara mbili. Hiyo siyo anasa.

Sahani ya maganda nayo kwenye nyingine inajizungusha yenyewe ukivuta mkono. Kwenye nyingine unaisukuma kwa kidole.

Kwa bajeti yako mimi ningesubiri Dillon 550 ya mtumba. Kampuni inazihudumia mashine zake za namna hiyo maisha yote, hata kama wewe ni mnunuzi wa tatu. Lee wanatoa dhamana ya miaka miwili. Hiyo tofauti ya bei ndimo ilimokaa.

#5 Msafwa_Ohio

Nakubaliana na #4. 550 inazunguka yenyewe, wewe ni kuvuta tu.

#6 FundiChuma_AZ

Hapana mkuu #5. 550 tangu enzi ni ya kuzungusha kwa mkono, B na C zote. Unayoikumbuka wewe ni 650, au 750 iliyoirithi mwaka 2019, au ile ndogo ya Square Deal. Na hiyo Square Deal mtu akikuuzia mtumba ujue inatumia dai zake peke yake, na ni ya bastola tu. Dai za kawaida haziingii.

#7 Msafwa_Ohio

Nimepokea. Ya shemeji yangu ilikuwa ya bluu, nikajua bluu zote baba mmoja.

#8 BintiWaMikocheni

Ngoja nirudi kwenye swali la hela maana hapo ndipo wanaume mnapojidanganya. Mimi niko Columbus, nashindana 9mm pia, na ninaandika kila senti kwenye daftari. Bei ninazonunulia mimi:

Fataki dola 75 kwa elfu, yaani senti 7.5. Vichwa vilivyopakwa rangi dola 95 kwa elfu, senti 9.5. Baruti dola 40 kwa paundi. Paundi ina greni 7,000. Ukitumia kama greni nne na nusu kwa risasi unapata risasi 1,550 hivi, senti 2.6. (Kipimo halisi kinatoka kwenye kitabu cha aliyetengeneza baruti, siyo kwenye uzi huu, tafadhali.) Ganda ni la kuokota. Jumla senti 20 kasoro kidogo. Dukani nanunua kwa senti 25.

Faida senti tano. Sasa mashine dola 400, halafu mizani, kalipa ya kupimia urefu, tambla ya kusafishia maganda, dai, nyundo ya kutolea kichwa ulichokosea, kitabu: weka dola 300 nyingine. Dola 700 gawa kwa senti tano ni risasi 14,000. Kwa risasi 300 kwa wiki, ni wiki 47 ndipo unarudisha pesa yako. Hapo bado hujajilipa mshahara wa kukaa gerejini.

#9 TandaleMoja

Ngoja. "Fataki elfu moja kwa dola 75"?? Huku kwetu fataki mmoja tu ana Prado na anasumbua shule nzima ya sekondari, nyie mnanunua elfu?

#10 BintiWaMikocheni

😂😂 Hizi za huku ukizigonga kichwani zinawaka, hazina ving'ora vya kuwaita watoto wa watu.

#11 KahawaChungu

Lile tangazo la redio limenirudia kichwani lote. Haya endeleeni.

#12 MndengerekoTX

Dada #8 asante, umenikata maini lakini asante. Wiki 47 ni karibu mwaka, si mbaya. Swali: jirani wa pili naye ana progresivu ya bei ya chini, jina silitaji maana humu mna wapenzi wa brandi kuliko Simba na Yanga. Juzi nimekaa naye saa nzima. Kila baada ya risasi 30 au 40 fataki inagoma kushuka, au inaingia ubavu, mara moja iliingia kifudifudi. Ganda likaendelea mbele bila fataki, baruti ikamwagika kwenye sahani kama sukari. Yeye anasema ndivyo zilivyo za bei rahisi. Ni kweli?

#13 SimbaWaYuda254

Niaje wadau. Mkenya hapa, niko Minnesota. Hiyo shida naijua. Kwa mashine nyingi za bei hiyo fataki zinateremka kwa mteremko tu, hakuna kitu kinazisukuma. Zile za nyuma ndizo uzito unaosukuma za mbele. Ukiacha zipungue, zile chache za mwisho hazina wa kuwasukuma, zinasimama au zinainama. Mimi sizingoji ziishe. Zikifika pale kwenye shingo ya mfereji nasimama, naongeza. Tangu hapo shida imeenda karibu yote.

#14 FundiChuma_AZ

#13 ana hoja, lakini mimi ningeanza kuangalia meza. Mashine ukiivuta inarudi na mtikisiko. Meza ikicheza, fataki zinaruka ndani ya mfereji na baruti inarukaruka ndani ya ganda. 9mm ni fupi, baruti inamwagika kila sahani inapokwama na kuruka. Funga meza kwenye nguzo za ukuta, siyo kuiegemeza. Nimeona watu wawili wakiuza mashine ambayo shida yake ilikuwa miguu ya meza.

#15 Babu_Ruvu

Mimi sijui mashine hizo, lakini nimekuwa fundi cherehani miaka thelathini. Cherehani ikikata uzi kila mtu anailaumu cherehani. Tatizo ni mguu wa mshonaji. Huyo jirani wa pili anavuta namna gani? Anafika mwisho?

#16 BintiWaMikocheni

Babu umepiga kwenye mshono. Kwenye mashine hizi ganda unalirudisha kipimo ukishusha mkono, fataki unaisukuma ndani ukiurudisha juu. Watu wanavuta chini kwa nguvu, wakirudisha wanaachia kivivu. Fataki inabaki imechomoza, sahani inakwaruza, inakwama, unarudi nyuma, unakuta fujo. Mkono ufike mwisho, pande zote mbili, kila mara.

#17 Msafwa_Ohio

Mimi nasema maganda. Uwanjani unaokota mchanganyiko wa viwanda kumi. Mengine ni ya kijeshi, mfuko wake wa fataki umebanwa ukingo, fataki mpya haiingii mpaka uutanue kwanza. Ukikuta moja kati ya arobaini inagoma, hesabu inalingana kabisa na ganda moja bovu ndani ya mkono wa maganda. Achague maganda ya kiwanda kimoja kisha ajaribu tena.

#18 SimbaWaYuda254

Hayo hayaelezi fataki kuingia kifudifudi, boss. Ganda haligeuzi fataki. Ni mfereji.

#19 Msafwa_Ohio

Au ni yeye alizimwaga kwenye trei akaitikisa vibaya, moja ikabaki imelala kinyume.

#20 FundiChuma_AZ

Au ni baruti iliyomwagika awali ikaingia chini ya kipini cha kusukumia. Chembe mbili tu zinatosha, kipini hakirudi chini kabisa, fataki inayofuata inasimama ubavu. Hiyo ni shida inayojizalia yenyewe: moja imegoma, baruti ikamwagika, baruti ikagomesha ya pili. Brashi ndogo ya rangi iwe mezani muda wote.

#21 JKT_842

Wakuu naomba kuuliza kitu cha kando. Sisi enzi hizo risasi za SMG maganda tulikuwa tunahesabiwa: ukitoka na risasi 20, unarudisha maganda 20, moja likipotea mnatambaa kwenye nyasi mpaka jioni. Sikuwahi kusikia kuwa yanajazwa tena. Nakumbuka ukichungulia ndani chini kuna vitundu viwili. Hizo nazo mashine hizi zinajaza?

#22 FundiChuma_AZ

Afande, hivyo vitundu viwili ndiyo sababu kubwa hayajazwi. Huo ni mtindo wa Berdan. Dai yetu ina pini moja katikati inayosukuma fataki ya zamani itoke. Ikikuta vitundu viwili pembeni inagonga ukuta na kuvunjika. Tunataka ganda la tundu moja katikati, mtindo wa Boxer. Halafu mengi ya yale ya SMG ni ya chuma, siyo shaba ya njano, hayapendi kukunjwa mara ya pili.

#23 Msafwa_Ohio

Berdan alikuwa Mwingereza, ndiyo maana Ulaya na majeshi yetu yakaufuata. Boxer ni Mmarekani.

#24 LeedsMnyamwezi

Kinyume chake mkuu 😄. Berdan ni Mmarekani, Boxer ni Mwingereza. Kila mmoja alizaa mtoto akalelewa ng'ambo. Marekani wakachukua wa Mwingereza, Ulaya wakachukua wa Mmarekani.

#25 Msafwa_Ohio

Leo siyo siku yangu. Nimekosa mara ya pili, natoka nje nikapigwe na upepo.

#26 LeedsMnyamwezi

Kwa kuwa nimeshaingia: huku Uingereza bastola za kawaida zimepigwa marufuku tangu 1997, kwa hiyo sisi tunajaza za raifo. Mimi .308, raundi 40 kwa wiki, mashine ya tundu moja inanitosha na napenda utulivu wake. Fataki ukienda kununua unaonyesha cheti chako cha silaha. Nawaonea wivu kidogo mnaponunua kama chumvi.

Ila swali langu kwa mwenye uzi: umewahi kujaza hata risasi moja? Kuanza na progresivu ni kujifunza kuendesha kwa basi la mkoani.

#27 MndengerekoTX

Sijawahi. Nimeshika mkono wa ile ya jirani mara tano tu.

#28 BintiWaMikocheni

Basi nikusimulie, kisha uamue. Mwezi wa tatu wa kujaza kwangu, mashine imekwama. Nikatoa ganda moja, nikatoa la pili, nikasafisha, nikayarudisha. Moja nikalirudisha kituo kimoja mbele ya pale lilipotoka. Likapita bila baruti, likapachikwa kichwa, likadondoka kwenye boksi limependeza kama wenzake.

Jumamosi niko katikati ya mashindano. Pa, pa, pa, halafu "pyu". Sauti kama mtu amefungua soda. Mkono wangu tayari unavuta risasi inayofuata, mwamuzi akanipigia kelele nisimame. Nilikasirika, nilikuwa na muda mzuri. Tulipofungua bastola, kichwa kimekwama katikati ya mtutu. Fataki peke yake ilikuwa na nguvu ya kukisukuma mpaka pale, basi. Ningefyatua moja nyuma yake, mtutu ungepasuka mikononi.

Mashine haikuwa na kosa. Ilikwama, jambo la kawaida. Kosa nililifanya mimi wakati wa kuinasua. Sasa hivi ikikwama, kila ganda lililoko kwenye sahani nalitoa, baruti narudisha kopo, naanza upya na sahani tupu. Na nina taa ndogo imebandikwa juu ya kituo cha kupachika kichwa: kila ganda nalichungulia kabla kichwa hakijakaa. Kila moja.

#29 KahawaChungu

Kashata imenikwama kooni.

#30 FundiChuma_AZ

Na upande wa pili wa shilingi ni mara mbili. Baruti nyingi za bastola kipimo chake hakijazi hata nusu ya ganda, ukitia mara mbili inaingia bila kumwagika. Kwenye 550, kwa vile unazungusha mwenyewe, ukisahau kuzungusha na kuvuta tena, umetia mara mbili. Zinazojizungusha zinakulinda hapo kwa sehemu kubwa, lakini hazikulindi na yaliyompata dada #28. Hakuna mashine isiyo na mlango wa nyuma.

#31 LeedsMnyamwezi

Ndiyo nikasema aanze na tundu moja.

#32 FundiChuma_AZ

Sikubaliani moja kwa moja. Progresivu yoyote unaweza kuiendesha na ganda moja tu. Weka ganda, vuta, tazama, zungusha, vuta, tazama. Risasi hamsini za kwanza fanya hivyo, unajifunza kila kituo, halafu ndipo unajaza sahani. Kununua mashine mbili kwa bajeti ya moja sioni.

#33 SimbaWaYuda254

Middle ground ipo: tareti. Lee Classic Turret, matundu manne juu, ganda linakaa pale pale, kichwa cha juu ndicho kinajizungusha. Unavuta mara nne kwa risasi moja. Bei iko ndani ya bajeti yako. Nafanya 150 kwa saa bila kukimbizana, na ganda liko mbele ya macho yako mwanzo mpaka mwisho. Kubadilisha kutoka 9mm kwenda .38 ni dakika moja, unanyanyua sahani ya dai unaweka nyingine.

Dillon kubadilisha kalibra ni sahani mpya, kifaa cha baruti, vipini… unalipa tena. Watu hawahesabu hiyo.

#34 MndengerekoTX

150 kwa saa mara mbili kwa wiki ndiyo 300 zangu hizo. Hmm.

Lakini progresivu wanasema 400 kwa saa?

#35 BintiWaMikocheni

Wanasema. Wanaanza kuhesabu mirija ya fataki ikiwa imeshajaa na vichwa viko mezani. Mrija unaingia fataki 100, na unazidonoa moja moja kama kuku. Mimi saa nzima ya kweli, pamoja na kudonoa, kukagua mizani kila baada ya risasi 50, na kumjibu mtoto "nakuja", natoa 250. Nimeridhika nazo.

#36 Mwanafunzi_F1

Shkamooni wakubwa. Niko Kansas na viza ya masomo. Rafiki yangu Mmarekani amesema nichangie nusu ya mashine tuwe tunajaza kwake. Inaruhusiwa?

#37 FundiChuma_AZ

Marahaba kijana. Usiguse kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza isiyo ya uhamiaji kumiliki silaha NA risasi. Kuna milango midogo, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usiisome kwenye uzi. Mwenye green card ni habari nyingine. Miaka yako ya shule ina thamani kuliko nusu ya mashine.

Na wengine wote: kujaza kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho. Ukianza kuwauzia wenzako uwanjani hata boksi mbili mbili kama biashara, hapo unahitaji leseni ya utengenezaji, aina ya 06. Majimbo nayo yana yao.

#38 TandaleMoja

Na sisi wa huku Bongo?

#39 JKT_842

Wewe wa huku kaa na kahawa yako. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni jela. Hata maganda usiokote ukaweka kabatini kama mapambo.

#40 TandaleMoja

Afande nilikuwa nauliza tu kwa niaba ya rafiki.

#41 Mzigua_Milwaukee

Nimechelewa. Niko Wisconsin, na huku ndiko nyumbani kwa mashine hizi, Lee wako Hartford. MEC nao wako Mayville, hao ni wa shotgani. Mimi ni mtu wa shotgani, napiga visahani vya udongo, na ile MEC 9000 yangu ni progresivu ya kweli: ganda la plastiki, fataki, baruti, kikombe cha plastiki, gololi, kukunja mdomo. Imetulia kuliko mke wa kwanza.

Nyie mnaongea habari za mashine tu, hakuna aliyetaja risasi yenyewe kama madini. Moshi wa fataki nyingi una madini ya risasi. Yanabaki kwenye masizi ndani ya ganda, na ukisafisha maganda kwa tambla kavu, ile ya punje za magunzi, vumbi lake ndilo hilo. Mimi nilikuwa nalimwagia hapo hapo gerejini na milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Daktari wa mtoto akapima damu ya mtoto, kama wanavyopima watoto wote huku, akaniuliza mzee unafanya kazi gani. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa watoto, mikrogramu 3.5 kwa desilita ndiyo wanaanza kukuuliza maswali, na sisi tulivuka.

Sasa nasafisha kwa maji na pini za chuma, nje, viatu vya gerejini havivuki mlango, na mikono naosha kwa maji baridi na sabuni kabla sijamshika mtu. Kipimo kilishuka.

#42 BintiWaMikocheni

Pole sana kaka. Hili ndilo lilistahili kuwa posti namba moja. Mimi nilihamisha tambla siku niliyojua nina mimba ya pili.

#43 LeedsMnyamwezi

Pole ndugu. Na uhifadhi je? Huku wanatukagulia kabati.

#44 FundiChuma_AZ

Kanuni ya zimamoto inayofuatwa sehemu nyingi huku kwa nyumba ya kuishi: baruti isiyo na moshi paundi 20 ndani ya makopo yake ya asili, ukizidi hapo mpaka 50, iwe kwenye kabati la mbao lenye kuta nene inchi moja. Mbao, siyo sefu ya chuma. Baruti ikiwaka ndani ya chuma iliyofungwa umetengeneza bomu, ndani ya mbao inapasua ubao na kuungua. Fataki 10,000. Na fataki ziache kwenye trei zake za dukani. Kuna watu wanazimwaga kwenye chupa ya kioo eti zipendeze. Moja ikiwaka zinaitikia zote.

#45 KahawaChungu

Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma tu lakini najikuta nimejua sefu ya mbao. Swali la mshamba: kwa nini msinunue tu za dukani kwa senti 25 mkaishi kwa amani?

#46 Msafwa_Ohio

Nimerudi, na hili najua. 2020 na 2021 madukani rafu zilikuwa tupu. Boksi la 50 la 9mm lilifika bei ambayo sitaki kuikumbuka. Waliokuwa na mashine na vifaa ndani waliendelea kupiga.

#47 SimbaWaYuda254

Fataki pia zilipotea miaka hiyo hiyo, boss. Waliokuwa na mashine bila fataki walikuwa na chuma cha kutundikia kofia. Waliopona ni wenye akiba, siyo wenye mashine.

#48 BintiWaMikocheni

Kwangu ni risasi yenyewe. Mashindano yetu yanataka uzito wa kichwa kwa greni mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawa kwa elfu, isipungue 125. Ya dukani mara nyingi inapita mbali, inakurusha mkono bure. Mimi natumia kichwa cha greni 147 kinachokwenda futi 900, inakuja 132. Bastola inakohoa badala ya kupiga teke. Hiyo haina bei ya senti tano.

#49 Msafwa_Ohio

Na kwa .38, .357 na .44 hesabu ya #8 inabadilika kabisa, dukani ni ghali. Mwenye kupiga 9mm pekee ndiye mwenye faida nyembamba kuliko wote.

#50 MndengerekoTX

Wakuu mrejesho. Wiki tatu zimepita. Jumamosi niliendesha mpaka Arlington kuangalia 550 ya mtumba, jamaa anataka dola 380 na dai za 9mm juu. Mkono una kutu kidogo, sahani inazunguka vizuri, lakini mrija wa fataki ndogo haupo na kopo la baruti limegeuka rangi kwa kuachwa na baruti ndani. Nikasema ninafikiria. Kesho yake nikaona Lee mpya kabisa ya vituo sita kwenye punguzo. Nikasema ninafikiria. Mama watoto amesoma uzi huu wote mpaka #41, amechora chaki kwenye sakafu ya gereji, amesema tambla isivuke mstari.

Nilichonunua mpaka sasa ni mizani, vitabu viwili, na meza.

#51 FundiChuma_AZ

380 na dai? Mrija wa fataki ni kitu cha kupiga simu tu. Rudi Arlington leo.

#52 SimbaWaYuda254

Tareti, mkuu. Tareti.

#53 Babu_Ruvu

Hiyo meza umeifunga ukutani au imesimama tu?

#54 MndengerekoTX

Imesimama tu, babu.

#55 Babu_Ruvu

Haya, rudi #14.

#56 Msafwa_Ohio

Samahani mwenye uzi, kama huendi Arlington naomba namba ya huyo jamaa inbox.